Jinsi ya kupanga safari ya Bagamoyo kabla fildi haijaisha

Kama uko fildi (mafunzo ya kazi kwa vitendo ya chuo) Dar mwezi wa nane au wa tisa na umebakiza wiki mbili tatu, anza kuiongelea safari ya bichi sasa hivi. Wiki ya mwisho haifai kabisa, kila mtu anamkimbiza supavaiza asaini logibuku, mwingine ripoti hata hajaigusa, mwingine kashakata tiketi ya basi la Mbeya, na safari mliyokuwa mnaisema tangu mnaripoti inaishia kwenye grupu la WhatsApp. Jumamosi ya wiki moja kabla ya kumaliza ndo yenyewe, mnakuwa bado wote mpo na Jumapili inabaki ya kupumzika.

Halafu msiende wanafunzi peke yenu, hili nalisisitiza kuliko yote. Waalikeni watu waliowafundisha kazi, na sio lazima wawe mabosi: dereva aliyekuwa anawabeba mpaka saiti, dada wa masjala aliyewaonyesha faili linavyofunguliwa, mzee fundi anayewaita wanangu. Mtu mzima kama huyo usimtumie meseji, mfuate pale alipo, mpe shikamoo yake, mwambie "mzee tunaomba utusindikize Bagamoyo Jumamosi, nauli na chakula chako tumeshaviweka." Asichangishwe hata mia. Ofisini mtu ana haraka zake lakini mkishakaa mchangani na sahani ya samaki katikati ndo anaanza kukusimulia alivyoingia kazini, wapi wanachukua vijana, umtafute nani ukimaliza chuo, vitu ambavyo huvipati ukiwa umesimama mlangoni kwake na karatasi mkononi.

Kwa nini Bagamoyo? Mbudya na Bongoyo ni visiwa vizuri mno, maji masafi, ila kuna boti na kuna kiingilio cha hifadhi, na yule ambaye bumu, yaani hela ya mkopo wa chuo, limemkata atajitoa kimyakimya aseme ana homa. Bagamoyo ni kama kilomita 70 tu, daladala mnapandia Makumbusho mnapita Tegeta, Bunju, Mapinga mmefika, na mkiwa wengi kodini Kosta, mkigawana haiumizi. Mchango upangeni kwa kumwangalia mwenye hela ndogo kuliko wote, hela ashike mtu mmoja tu, na majina ya wasiomalizia yasibandikwe kwenye grupu, mfuateni mtu pembeni.

Sasa tarehe. Watu wengi wanaangalia kalenda ya kazi tu, angalieni na mwezi angani. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ndo bamvua, maji yanajaa sana na yanakupwa sana, na huku kwetu siku za bamvua mnamo saa nne saa tano asubuhi bahari imetoka, halafu jioni saa kumi hivi imejaa. Pwani ya Bagamoyo ni tambarare, maji yakitoka yanaenda mbali kweli, unabaki mchanga wenye mawimbimawimbi, vidimbwi vya maji ya uvuguvugu, kaa wanakimbilia mashimoni, ngalawa zimelala ubavu. Kwa mtu wa Tabora au Dodoma hiyo ni maajabu tosha, na hata aliyekulia Mwanza kando ya ziwa atashangaa maji yameenda wapi. Kwa hiyo ikiwa ni bamvua asubuhi tembeleeni mji, jioni ndo muogelee. Wakati wa maji mafu, yaani mwezi ukiwa nusu, ratiba inageuka, maji yapo juu asubuhi na hayapishani sana na ya jioni, hapo ogeleeni mapema. Na kila siku saa za maji zinasogea mbele kama dakika 50, kwa hiyo ukizijua za Ijumaa umeshazijua za Jumamosi.

Ondokeni Dar saa kumi na mbili na nusu asubuhi kabla jua halijawa kali. Anzeni Kaole, kilomita chache kusini mwa mji, kuna magofu ya msikiti wa karne ya 13 na makaburi ya mawe ya matumbawe, mengine yana nguzo ndefu. Kuna kiingilio, bebeni vitambulisho. Mvae kwa heshima, kina dada wabebe khanga, yale ni makaburi ya watu na wapo wanaokuja kuomba dua mpaka leo. Mkirudi mjini piteni misheni ya Wakatoliki iliyoanza 1868, walikokuwa wanapokelewa watu waliokombolewa utumwani, na ndo hapohapo mwili wa Livingstone ulifikishwa 1874 baada ya watumishi wake Chuma, Susi na wenzao kuubeba kutoka bara ndani kabisa mpaka pwani. Mzee wenu mpeni nafasi aongee hapo, watu wazima wana historia zao. Boma la Mjerumani la 1897 litazameni kwa nje mpige picha, yatosha.

Chakula nendeni soko la samaki pale ufukweni, msiagize hotelini. Chagueni wenyewe: macho yawe maangavu, mashavu ndani yawe mekundu, ukibonyeza nyama inarudi. Changu na kibua wanatosha kwa hela ya wanafunzi, nguru ni ghali. Kuna vijana wa kuparua hapohapo na kina mama wenye makarai ya mafuta ya moto, patana bei na mama kabla samaki hajaingia kwenye karai, ongezeni ndimu, pilipili na mihogo ya kukaanga, mle kwa mkono.

Kwenye maji jueni mapema nani hajui kuogelea, kila mmoja apewe mwenzake wa kumwangalia, na asiyejua asipite maji ya kiunoni. Mkiingia buruteni miguu mchangani msiinyanyue, samaki anayeitwa taa hujifukia chini na mwiba wake unauma vibaya, akisikia mtikisiko anaondoka mwenyewe. Maji yakishaanza kutoka kwa nguvu tokeni na nyie. Simu zote kwenye begi moja, mtu mmoja abaki nalo kwa zamu.

Picha ya wote pigeni mapema, mkiwa bado wakavu na mzee hajachoka. Saa kumi na moja na nusu muwe garini, maana mkichelewa foleni ya Tegeta inawasubiri, na dereva apitishe kwanza gari kwa mzee ashukie karibu na kwake ndo nyie muendelee.