Maswali ya maneno kwenye mtihani wa kuingia shule: ninavyomnoa mtoto hatua kwa hatua

Maswali ya maneno, yaani yale yanayopima mtoto anavyofikiri kwa kutumia maneno na herufi, yanawachanganya watu kwa sababu hayana mada. Kwenye hesabu mtoto anajua leo ni sehemu, kesho ni pembe, lakini huku anakutana tu na "neno gani haliendani na mengine" au "hiki kwa hiki ni kama kile kwa nini", hakuna sura ya kitabu ya kurudia, mwisho wa siku mzazi anatafuta pepa nyingi anamrundikia mtoto kila jioni, na maksi zinabaki pale pale. Mimi nafundisha watoto maswali haya na ninachokiamini kwa moyo wote ni hiki: mtoto anasogea pale anapoweza kusema kwa mdomo wake, sentensi nzima, kwa nini jibu ni hili na sio lile. Pepa zinakuja baadaye.

Mifano yangu hapa ni ya Kiswahili. Kama mtihani wa mwanao ni wa lugha nyingine, njia ni hii hii, badilisha maneno tu.

Vitu vya kuandaa ni vichache: daftari moja, vikadi vya karatasi ngumu, visanduku vitatu vya aina yoyote (hata bahasha zinafaa), na dakika 25 kwa siku, siku sita kwa wiki. Usizidishe. Mtoto aliyechoka anaanza kubahatisha, na kubahatisha nako ni tabia inayojengeka.

Hatua ya 1: Mpime bila saa

Mpe maswali 30 hivi yaliyochanganyika, umwambie hakuna haraka. Akimaliza, usiangalie alama kwanza. Chukua kila alilokosa mkae nalo, muulize "ulifikiriaje hapa?" halafu wewe nyamaza umsikilize mpaka amalize. Utaona makosa yote yanaingia kwenye mafungu matatu: hakujua neno, au neno alilijua ila uhusiano aliuona nusu nusu, au alijua kila kitu akasoma haraka haraka. Daftari ligawe kurasa tatu kwa mafungu hayo na kila kosa liingie kwenye fungu lake kuanzia leo mpaka siku ya mtihani.

Hii ndo hatua watu wengi wanairuka na ndo inayouma, kwa sababu unaweza kumkaririsha mtoto maneno miezi mitatu kumbe tatizo lake lilikuwa fungu la pili. Mimi mwenyewe miaka ya mwanzo niliwapa watoto wote orodha ya maneno 50 kwa wiki, wanakariri Jumapili wananijibu vizuri, wiki mbili baadaye hamna kitu, na nilikuwa nawapotezea mda wao kabisa.

Hatua ya 2: Maneno matano kwa siku, kwenye vikadi

Matano tu. Kila kadi upande mmoja neno, upande wa pili vitu vinne: maana kwa maneno ya mtoto mwenyewe, sentensi yake, ndugu wa neno hilo, na kinyume chake.

Sehemu ya "maneno yake mwenyewe" ishikilie. Nilikuwa na binti mmoja kwenye neno "stahimili", akaniambia haraka "maana yake vumilia". Nikamuuliza vumilia ni nini. Kimya. Alikuwa amebadilisha neno kwa neno bila kushika kitu chochote katikati. Tukaongea ongea mpaka akasema "ni kama unakimbia mbio ndefu, miguu inauma, lakini hukai chini." Hiyo ndo tuliandika kwenye kadi. Ndugu zake: ustahimilivu, mstahimilivu. Kinyume: kata tamaa. Neno hilo hakulisahau tena.

Ndugu wa neno wana faida kubwa kwa sababu neno moja linakupa sita. Soma: msomaji, usomaji, somo, kisomo, somesha, someka. Mtoto akizoea kutafuta mzizi, hata akikutana na neno asilowahi kuliona ana pa kuanzia.

Vinyume navyo vina mlango wake. Kiswahili kina kitenzi kinachojigeuza chenyewe kwa mwisho wake: funga na fungua, ziba na zibua, kunja na kunjua, pakia na pakua, fukia na fukua, tega na tegua, anika na anua, vaa na vua. Mwambie mtoto atafute mengine mwenyewe, wanapenda sana mchezo huu. Ila mwonye mapema kwamba sio kila neno linaloishia hivo ni kinyume cha kitu: chukua, nunua, sugua, pasua, hayo hayajageuza neno lolote. Kinyume cha nunua ni uza. Mtihani unapenda kumtegea mtoto pale pale anapojiona ameshaijua kanuni.

Sasa visanduku. Kadi mpya inaingia sanduku la kwanza, linalopitiwa kila siku. Akiipata inahamia la pili, linalopitiwa kila baada ya siku tatu. Akiipata tena inaenda la tatu, mara moja kwa wiki. Akikosa popote pale, inarudi la kwanza bila huruma. Njia hii ya visanduku ilienezwa na mwandishi Sebastian Leitner mwaka 1972, na nyuma yake kuna kazi ya mwanasaikolojia Mjerumani, Hermann Ebbinghaus, aliyejipima kumbukumbu yake mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana na kutoa matokeo mwaka 1885. Aliona tunasahau sehemu kubwa mapema sana, halafu kasi ya kusahau inapungua. Ndio maana neno jipya linahitaji kurudiwa kesho, la zamani linaweza kusubiri wiki.

Hatua ya 3: Mlinganisho, jenga sentensi kabla ya kuangalia majibu

Hapa ndo pana utamu na hapa ndo ningependa ukae mda mrefu.

Swali: unyoya kwa ndege ni kama gamba kwa (ngozi, samaki, maji, ndoano).

Ziba majibu kwa mkono. Kweli kabisa, weka kiganja juu yake. Mtoto aseme kwanza sentensi ya jozi ya kwanza. Wengi wanasema "unyoya uko kwa ndege." Sawa, sio uongo, lakini ipeleke upande wa pili uone: gamba liko kwa samaki, gamba liko kwenye ngozi, na gamba linaweza kuwa kwenye maji pia. Majibu matatu yamepita, kwa hiyo sentensi ni legelege. Ikaze: "unyoya unafunika mwili wa ndege." Gamba linafunika mwili wa samaki. Limebaki moja.

Sheria nayowapa ni kwamba majibu mawili yakiingia kwenye sentensi yako, usichague kati yake, rudi ukaikaze sentensi. Mtoto akiishika hii basi nusu ya safari ameimaliza, na utamsikia anajisemea mwenyewe "hapana, hii imelegea."

Jingine: ndama kwa ng'ombe ni kama kifaranga kwa (yai, kuku, manyoya, kiota). Yai linavuta sana kwa sababu kifaranga kinatoka huko, lakini sentensi inasema "ndama ni mtoto wa ng'ombe", kwa hiyo kuku. Mwelekeo pia uangalie, jozi ya kwanza ikianza na mtoto, ya pili ianze na mtoto.

Halafu kuna wa kiwango: upepo kwa kimbunga ni kama manyunyu kwa (wingu, mwavuli, gharika, umande). Kimbunga ni upepo uliozidi mno, gharika ni mvua iliyozidi mno. Watoto wanaosema "vyote ni hali ya hewa" wanachagua wingu.

Aina za uhusiano unaozikuta mara kwa mara ni kifaa na kazi yake, sehemu na kitu kizima, mtu na kazi yake, mtoto na mzazi, kisababishi na matokeo, kiwango kidogo na kikubwa, kisawe na kinyume. Usimkaririshe orodha hii. Yeye atunge maswali yake mawili kila siku akuulize wewe, na majibu matatu ya uongo ayaweke mwenyewe. Akianza kukutegea wewe, ujue ameshaelewa mitego inavyotengenezwa.

Hatua ya 4: Neno lisiloendana

Sentensi tena, safari hii inayobeba maneno manne na kumwacha mmoja nje. Meza, kiti, kabati, mbao, kitanda: "hivi vinne ni samani, mbao ni kitu cha kuzitengenezea." Mtoto aliyesema kitanda kwa sababu ndicho cha kulalia amepata tofauti, ila hajapata kinachowaunganisha wengine, maana meza, kiti, kabati na mbao haviko kundi moja. Anayetafuta tofauti peke yake atapata tano, kwa sababu kila neno lina utofauti wake.

Ugumu unazidi kwenye maneno yenye maana zaidi ya moja. Niliwahi kuandika hili: kaa, pweza, jivu, kamba, papa. Kijana mmoja mwenye akili nyingi alikaa nalo karibu dakika tano. Aliona kaa na jivu akawaza moto, akaona kamba akawaza ya kufungia, akabaki na pweza na papa wa baharini, hajui aegemee wapi. Nikamwambia kwa kila neno jiulize "lina maana nyingine?" Akasema polepole, kaa... anayetembea upande upande! Kamba naye yuko baharini! Jivu likabaki peke yake. Uso wake siku ile naukumbuka mpaka leo.

Baada ya hapo anzisha ukurasa wa maneno yenye maana mbili au zaidi kwenye daftari: paa, panda, mbuzi, kata, ziwa, chungu. Kuna aina ya swali inayotoka moja kwa moja humo, unapewa "sehemu ya juu ya nyumba" na "mnyama wa porini" unatakiwa utoe neno moja, yaani paa.

Hatua ya 5: Herufi na misimbo

Kwanza kitu kinachowaangusha watoto waliozoea kusoma Kiswahili: maswali haya karibu yote yanahesabu herufi 26, na humo kuna Q na X, na C inasimama peke yake. Mtoto anayezihesabu kwa kichwa anaruka bila kujua, jibu linaharibika na hesabu zake zote zilikuwa sahihi. Aandike A mpaka Z na namba chini yake, kila mara.

Ili asihesabu kuanzia mwanzo, ajue nguzo tano: E ni 5, J ni 10, O ni 15, T ni 20, Y ni 25. Wanafunzi wangu wanazishika kwa "Ee Juma, osha taa yako".

Kama SIMBA imeandikwa TJNCB, kila herufi imesogea moja mbele, basi KUKU ni LVLV. Kama BABA ni YZYZ, huo ni msimbo wa kioo, A inakuwa Z, B inakuwa Y, na namba za jozi zikijumlishwa zinatoa 27 siku zote. Mfuatano B, D, G, K: nafasi ni 2, 4, 7, 11, nyongeza ni mbili, tatu, nne, inayofuata tano, kwa hiyo 16, yaani P. Sehemu hii inapanda haraka ukifanya maswali manne kwa siku, usiipe mda zaidi ya hapo.

Hatua ya 6: "Lazima iwe kweli"

Vitabu vyote vya rafu ya juu vina jalada jekundu. Kitabu cha Neema kina jalada jekundu. Je, kiko rafu ya juu? Watoto wengi wanasema ndio. Hatujaambiwa kwamba rafu ya chini haina vyekundu, kwa hiyo inawezekana tu, sio lazima. Mfundishe kutafuta namna moja ya kulivunja jibu. Likivunjika hata mara moja, sio lazima liwe kweli.

Hatua ya 7: Sasa leta saa na pepa

Wiki nne za mwisho tu, na ukiona sentensi zake zimekaza. Piga hesabu ya mtihani wenyewe, kwa mfano maswali 50 kwa dakika 40 ni sekunde 48 kila moja. Likizidi dakika, aweke alama pembeni aende mbele, arudi mwishoni. Soma pia maelekezo kama kukosa kunakata maksi, isipokata basi asiache swali lolote wazi.

Pepa mbili kwa wiki zinatosha, na siku inayofuata kila pepa iwe ya kufungua daftari la makosa peke yake. Hesabu fungu lipi limejaa wiki hii. Likiwa la tatu, la kuharakisha, usimwongezee maneno, mfanye apige mstari chini ya neno linalouliza, "kisawe", "kinyume", "haliendani", kabla ya kujibu.

Siku moja kabla ya mtihani hakuna pepa. Apitie kadi za sanduku la kwanza, alale mapema. Na akiruhusiwa kushika peni, kama kuna karatasi ya kazi, cha kwanza kabisa aandike juu yake A mpaka Z, aweke namba kwenye E, J, O, T na Y, ndipo afungue swali la kwanza.