Somo: Kupima dopamini ubongoni papo hapo

Mmeuliza watafiti wa ugonjwa wa Parkinson na uraibu huionaje dopamini, kemikali ya kupitishia ujumbe ubongoni, ilhali hupanda na kushuka ndani ya sekunde. Picha za PET (za mashine inayofuatilia dawa yenye mnururisho mwilini) huchukua dakika nyingi. Maabarani, kwa panya hasa, hutumika umeme.

Hatua ya 1. Unyuzi wa kaboni wenye kipenyo cha maikromita 7 hivi hufungiwa ndani ya mrija wa kioo, ncha ikiachwa nje. Hiyo ndiyo elektrodi, na ncha yake huingizwa ubongoni. Waya wa fedha uliopakwa kloridi ya fedha huwa wa kulinganishia volti.

Hatua ya 2. Volti hupandishwa kutoka -0.4 hadi +1.3 na kurudishwa, kwa kasi ya volti 400 kwa sekunde. Mzunguko mmoja ni milisekunde 8.5, nao hurudiwa mara 10 kila sekunde. Karibu na +0.6 dopamini hupoteza elektroni. Wakati wa kurudi, karibu na -0.2, huzipata tena. Kila mara mkondo wa umeme hupanda na kuchora kilele. Vilele hivyo viwili ndivyo vinavyoitambulisha. (Noradrenalini, kemikali nyingine ya ubongo, nayo hutoa vilele kama hivyo, basi chagua sehemu ya ubongo isiyo nayo kwa wingi.)

Hatua ya 3, na ndiyo yenye kazi. Kaboni yenyewe hutoa mkondo mkubwa kupita wa dopamini. Ni kumsikiliza abiria anayenong'ona ndani ya matatu ya Rongai: sharti uuondoe muziki kwanza. Chukua rekodi ya kabla ya tukio, uitoe kwenye rekodi ya baadaye. Mkondo huo wa kaboni huhamahama, kwa hiyo usipime zaidi ya dakika moja na nusu hivi kwa mkupuo.

Hatua ya 4. Pima elektrodi hiyo kwenye maji yenye dopamini ya kiasi unachokijua, ili ujue mkondo wa kiasi fulani ni dopamini kiasi gani.

MASWALI

Kasarani: Mwalimu, kuna maabara mtaani inayouza kipimo cha damu cha "dopamini ya ubongo". Nilipe?
Jibu: Weka pesa zako. Dopamini haivuki kizuizi kati ya damu na ubongo. Ndiyo maana mgonjwa wa Parkinson hupewa levodopa, dawa inayovuka kizuizi hicho na kugeuzwa dopamini ubongoni.

Chiromo: Binadamu wamewahi kupimwa hivi?
Jibu: Ndiyo. Mwaka 2016 kundi la Kishida na Montague, Marekani, lilichapisha vipimo vya wagonjwa 17 wa Parkinson, vilivyochukuliwa wakati wa upasuaji wa kuwawekea elektrodi za tiba. Hakuna anayefunguliwa fuvu kwa ajili ya kipimo tu.

Umoja: Basi nitajua mgonjwa fulani ana dopamini kidogo kuliko mwenzake?
Jibu: La, dada. Kiwango cha msingi ulikitoa mwenyewe katika hatua ya 3. Utaona ilivyopanda alipopata zawadi, na ilivyoshuka alipoikosa.