Lita ngapi mpaka Kagunga? Namna ya kupima mafuta ya boti mwaloni Kibirizi

Dumu la lita ishirini halina lita ishirini. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililoniharibia utafiti wangu wa kwanza, na kila mwaka namwona kijana mwingine kashuka Kigoma na begi mgongoni, anakwenda kuangukia shimo lilelile.

Nilikuwa nasomea usimamizi wa uchukuzi. Nikarudi nyumbani likizo na dodoso la kurasa sita. Swali la kumi na mbili liliuliza: kwa safari moja unatumia lita ngapi? Manahodha wa boti za mbao wa Kibirizi, mwalo wetu hapa Kigoma kwenye Ziwa Tanganyika, wote walinijibu kwa madumu, kwa safari ya Kagunga, kijiji cha kaskazini karibu na mpaka wa Burundi. Dumu mbili. Dumu mbili na nusu. Tatu, ziwa likichafuka. Mimi nazidisha kwa ishirini, naandika, nahamia kwa mwingine. Kwenye kompyuta namba zilikaa vizuri mno, msimamizi wangu akafurahi. Aliyenitoa usingizini ni fundi mmoja wa injini pale mwaloni. Aliangalia jedwali langu, akauliza: "Ishirini ya wapi hii? Ya mabegani au ya mdomoni?"

Tukachukua dumu la njano, lile ambalo huku kwetu linabeba mawese leo na petroli kesho, tukalijaza maji kwa chupa ya lita moja. Lita ya ishirini ilifika mabegani. Mpaka maji yaguse mdomo tulikuwa tumemimina ishirini na mbili na kitu. Sasa chukua nahodha anayejaza mpaka mdomoni, na mwenzake ambaye muuzaji wake anaishia mabegani, wote wanakuambia "dumu mbili". Tofauti ya lita nne na zaidi, na wewe umeandika arobaini kwa wote.

Kwa hiyo achana na lita za mdomoni mwa watu. Pima kwa uzito.

Tafuta mizani ya kuning'iniza, ya ndoano, kama ile ya wanunuzi wa mazao, inayofika kilo 50. Kabla ya safari yoyote, pima lita moja kamili ya mafuta yaleyale yanayotumika. Petroli tupu huwa karibu gramu 740 kwa lita, dizeli karibu 840, lakini usiniamini mimi, pima yako. Injini nyingi za boti hizi zinakunywa petroli iliyochanganywa na oili. Kiwango cha kawaida ni lita moja ya oili kwa hamsini za petroli, yaani mililita 400 kwa dumu la lita ishirini. Wapo wanaozidisha oili kwa kuogopa injini isikwame katikati ya ziwa. Iandike na hiyo, maana oili ni pesa na moshi wake unauona. Pima pia dumu tupu, halafu madumu yote ya safari kabla ya kuondoka na baada ya kufika. Upimie nchi kavu. Ndani ya boti mizani inacheza na wimbi, utaandika ndoto. Na usipime karibu na mama ntilie. Jiko lake la mkaa na petroli yako havijuani.

Mfano wa safari moja niliyoipima mwenyewe. Madumu mawili yamejaa: kilo 16.6 na 16.4, jumla 33.0. Kufika Kagunga, la kwanza limebaki ganda tupu, kilo 1.0, la pili kilo 7.3. Jumla 8.3. Kwa hiyo zimeungua kilo 24.7. Lita yangu siku ile ilikuwa na gramu 750, ukigawanya unapata lita 33 kasoro kidogo. Nahodha alikuwa ameniambia dumu mbili. Hakusema uongo: alibeba dumu mbili. Lita nane na ushei zilizobaki ndizo zilizonifundisha usimamizi kuliko mihadhara yote, na nitazirudia hapo chini.

Kabla ya mizani, barua. Hapa nitapita haraka. Barua ya chuo unaipeleka kwa Katibu Tawala wa Mkoa, inashuka wilayani, halafu kata na mtaa. Ukitoka nje ya nchi, anza COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, kwa kibali cha utafiti. Beba nakala kumi. Ila barua inakufikisha mwaloni tu, haikuingizi ndani ya boti. Kinachokuingiza ni kufika alfajiri wakati wa kupakia, kuwapa wazee shikamoo zao, na kushika upande mmoja wa gunia bila kuambiwa. Siku mbili za hivyo, ya tatu nahodha mwenyewe atakuuliza: "Kwani wewe mdogo wangu unatafuta nini hapa?" Hapo ndipo unaeleza. Ukieleza kabla hajauliza, wewe ni mtu wa kodi.

Mzigo nao usiukisie. Boti ya mbao iliyopakia madumu ya mawese, magunia ya unga wa muhogo, magodoro, mbuzi wawili na abiria, hakuna mwenye orodha yake ya kilo. Dawa yake ni chaki. Boti ikiwa tupu, piga alama sehemu tatu ubavuni: mbele, katikati, nyuma. Pima kwa rula kutoka ukingo wa juu hadi kwenye maji. Wakimaliza kupakia, pima tena palepale. Sentimita ilizozama ndizo zinazokuambia uzito, mradi umewahi kuipima boti hiyohiyo na mizigo unayoijua. Mimi nilitumia vijana ishirini wa mwaloni, niliowapima mmoja mmoja kwenye mizani ya dagaa, wakapanda watano watano huku nikisoma rula. Walidai soda. Wape soda.

Mwendo pima kwa simu, kwa programu yoyote inayorekodi njia uliyopita. Hapa kuna mtego ambao vitabu vyenu havina. Ukikaribia Kagunga, simu inadaka mtandao wa Burundi, na Burundi wako nyuma yetu kwa saa moja. Saa ya simu inajirudisha yenyewe. Nilikuwa na safari moja ambayo kwa mujibu wa data boti ilikwenda kasi kama basi la Dar, kisha kurudi ikatambaa kama konokono. Zima saa ya kujipanga yenyewe, weka kwa mkono. Na kwenye kaunta buku amua mapema: ama saa za Kiswahili, ama za tarakimu ishirini na nne. Nahodha akisema tuliondoka saa nne na simu inasema 10:00, usiku ukiwa umechoka utaandika moja hapa na nyingine pale. Simu iwe kwenye mfuko wa nailoni, uufunge kwa mpira wa baiskeli.

Usipime safari ya kwenda peke yake. Kiangazi, kuanzia Mei hadi Septemba, upepo wa kusini unatawala ziwa. Kwenda Kagunga unakusukuma mgongoni, kurudi Kibirizi unakupiga kifuani. Anayepima kwenda tu atatangaza kwamba boti zetu hazili mafuta. Kwenda na kurudi ni safari moja, boti ileile, nahodha yuleyule.

Baba yangu alikuwa karani wa reli Tabora, na ndiye aliyenifundisha kipimo cha mwisho bila kujua. Alikuwa na daftari la mafuta ya vichwa vya treni, akisema lita peke yake ni namba ya mlevi. Uliza lita ngapi, kubeba tani ngapi, umbali gani. Gawanya lita kwa tani, kisha kwa kilomita. Ukipata lita kwa tani-kilomita, unaweza kuweka boti ya Kibirizi, lori la Kasulu na behewa la reli kwenye mstari mmoja na wakazungumza.

Nikiwa hapo kwenye reli: wanafunzi wengi wakifika Kigoma wanataka kuandika kuhusu Liemba. Naelewa. Meli iliyojengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaja kwa masanduku, ikapanda treni ya njia iliyofika hapa 1914, ikaunganishwa na kushushwa majini 1915, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe 1916, ikaibuliwa 1924, nani asitake? Lakini wanaondoka na hadithi na picha. Unga, mafuta ya kula na mtu anayepeleka mgonjwa hospitali husafiri kwa boti za mbao ambazo hakuna anayezipima.

Sasa zile lita nane.

Kabla hujapima injini yoyote, tafuta jibu la swali moja: chenji ya mafuta ni ya nani? Usiliulize hivyo kwa mdomo, utafukuzwa. Liangalie. Kuna boti ambazo tajiri, yaani mwenye boti, anatoa hela ya dumu mbili, kinachobaki ni cha nahodha na mabaharia wake. Kuna nyingine tajiri ana mtu wake anayejaza mafuta na kurudisha dumu lililobaki nyumbani. Nilipopanga safari zangu kwa makundi hayo mawili, nikaacha ukubwa wa injini na umri wa boti, jedwali likaanza kusema. Nilikuwa na boti saba tu, sidai zaidi ya hapo. Lakini katika hizo saba, zilizokuwa zikitembea taratibu ni zile ambazo chenji ilikuwa ya nahodha.

Uhandisi wake ni rahisi. Boti nzito ya mbao inayopasua maji, badala ya kuteleza juu yake, inahitaji nguvu inayopanda kwa kasi kuliko mwendo: ongeza mwendo kwa sehemu moja ya kumi, nguvu inapanda kwa karibu theluthi. Muda unapungua kidogo, ndiyo, lakini mafuta ya kila kilomita bado yanapanda kama moja ya tano. Nahodha hahitaji hesabu hiyo. Anaisikia kwenye mlio wa injini, anarudisha mkono nyuma kidole kimoja, na lita nane zinabaki ndani ya dumu. Mwenzake ambaye mafuta si yake anakaza mpaka mwisho ili awahi foleni ya kupakia.

Rasimu yangu ya kwanza ilipendekeza matajiri "wadhibiti upotevu wa mafuta". Kwa maneno mengine, wawanyang'anye manahodha chenji. Bahati nzuri nilimsomea nahodha mmoja kabla sijaichapa. Alisikiliza mpaka mwisho, akakung'uta mchanga kwenye kandambili, akasema: "Sawa. Wakichukua, mimi nakaza." Nikaifuta.

Ndiyo maana, ili tajiri asimtambue nahodha wake, kwenye ripoti usiandike jina la boti wala rangi yake. Kwenye mwalo mdogo hata "boti ya bluu yenye injini mpya" ni jina kamili. Toa wastani wa kundi. Na bei ya mafuta andika ile iliyolipwa pale yaliponunuliwa. Bei kikomo anayoitangaza EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, kila mwezi ni ya kituo cha mafuta. Kijijini mafuta yanauzwa kwa chupa, na chupa ina bei yake.

Safari ngapi zinatosha? Kwa boti moja mimi siridhiki chini ya sita za kwenda na kurudi, mbili kati ya hizo ziwe za siku mbaya. Siku mbaya haina maana ya kupanda boti ambayo nahodha mwenyewe anaitilia shaka. Vaa jaketi la kuokolea hata wakikucheka.

Mizani yangu bado ipo, iko kwa yule fundi wa injini pale mwaloni. Ukimkuta, mwambie unataka ile ya "ishirini ya wapi", atakupa. Irudishe na ndoano yake. Aliyeiazima mwaka jana aliirudisha na waya wa kufungia samaki.