Kabla ya Kuupanda Mto Gambia

Kabla hujakata tiketi, jua chumvi inaishia wapi. Mto Gambia unaanzia nyanda za juu za Futa Jallon nchini Guinea, unapita Senegal, kisha unaipasua Gambia katikati hadi Banjul, kilomita 1,100 na ushee. Nchi yenyewe ni tambarare mno, kwa hiyo bahari inajiingilia tu: kiangazi maji ya chumvi hupanda zaidi ya kilomita 200, hadi mvua za Juni mpaka Oktoba ziyarudishe chini. Basi chagua mwezi kwanza. Novemba hadi Februari ndiyo miezi ninayoipenda, njia zimekauka na joto halijachachamaa.

Huku chini ni mikoko. Pale Tanbi, jirani na Banjul, akina mama huingia na mitumbwi maji yakipwa, wakabandua chaza mmoja mmoja kwenye mizizi. Ganda la chaza ni wembe, vidole vyao vina makovu. Nyama huchemshwa ikauzwa, maganda huchomwa kuwa chokaa, kama watu wa pwani yetu wanavyochoma matumbawe. Wamejiwekea miezi ya kutovuna ili chaza wakue. Tafadhali usiwabembeleze wakuuzie wakati huo. Ukitaka kufuatana nao, ulizia saa ya kupwa tangu jana yake.

Ukifika miji ya Kuntaur na Janjanbureh, juu mtoni, maji ni baridi, yaani hayana chumvi, mwaka mzima, na hapo maandalizi yanabadilika. Kuna viboko, kwa hiyo mtumbwi mdogo jioni usipande hata ukipewa bure. Kuna sokwe waliorudishwa porini kwenye visiwa tangu 1979. Kushuka hakuruhusiwi, beba darubini uwatazame ukiwa botini. Tena konokono wa kichocho ni wa maji baridi, hivyo usijitose kuoga. Cheti cha homa ya manjano, dawa za malaria na chandarua usiviache.

Dalasi, fedha ya Gambia, chukua za kutosha ukiwa pwani. Kivuko cha Banjul kwenda Barra, ng'ambo ya mto, kina foleni. Tangu 2019 kuna daraja karibu na Farafenni, ukiwa na gari litakuokoa.

Ukikuta shamba la mpunga limeachwa, ardhi imepauka, simama umuulize mwenyeji. Chumvi imekwishafika hapo, na inauma kuona. Atakuonyesha kwa mkono ilipokuwa ikiishia zamani.