Namna ya Kupunguza Moshi wa Magari Bukavu, Kuanzia Kwenye Bidoni Hadi Kwenye Bomba la Moshi

Mwongozo huu nawaandikia wenye magari, wenye jenereta na viongozi wa vyama vya motari (waendesha pikipiki za abiria) wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, kwa kuwa wao ndio wanunuzi wa mafuta wa kila siku, na wanachokinunua huishia katika vifua vya watoto wanaopanda kwenda shule kando ya barabara. Kwanza tuelewane kuhusu majina. Esansi yetu ndiyo petroli ya watu wa Dar es Salaam na Mombasa, mazutu ni dizeli yao, na kile sisi tunachokiita petroli, kwao ni mafuta ya taa. Mafuta mengi ya Kivu hupitia bandari hizo mbili, kwa hiyo usiisome hati ya mzigo kabla ya kuhakikisha inazungumzia kitu gani.

Jambo la kuulizia kwanza ni salfa. Salfa iliyomo ndani ya mazutu haionekani kwa macho wala haitambuliki kwa rangi. Hupimwa kwa mashine, maabara. Muuzaji akikuinulia chupa ya mazutu meupe ili kukuthibitishia usafi wake, mshukuru, kisha umwombe cheti cha ubora cha mzigo ule, ambacho mwagizaji anapaswa kuwa nacho kutokana na ukaguzi wa bidhaa zinazoingia nchini, kazi ambayo kwetu ni ya OCC, ofisi ya serikali ya Kongo ya kukagua bidhaa. Tafuta mstari wa salfa, ambao kwa Kifaransa huandikwa *soufre*. Hapo uzihesabu sifuri kwa makini, kwa sababu vyeti vingine hutumia miligramu kwa kila kilo na vingine hutumia asilimia: asilimia 0.005 ni miligramu 50, asilimia 0.05 ni miligramu 500, na asilimia 0.5 ni miligramu 5,000. Mtu asiyezoea anaweza kuziona namba hizo tatu kuwa karibu sawa.

Tofauti yake inapimika. Tangi la lita 40 za mazutu lina uzito wa kilo 33 na nusu hivi. Mazutu yakiwa na miligramu 5,000 kwa kilo, gari hilo limebeba gramu 168 za salfa, zaidi ya kiganja cha unga, na zote zitatoka kwa bomba la moshi zikiwa gesi inayowasha koo na chembe ndogo zinazofika ndani kabisa ya mapafu. Yakiwa na miligramu 50, salfa hiyo haifiki gramu 2. Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda na Burundi zilianza kutumia kiwango hicho cha miligramu 50 kwa dizeli mwaka 2015, na nchi yetu iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Mnunuzi wa Bukavu ana haki kabisa ya kudai mafuta yaleyale yanayouzwa ng'ambo ya mto Ruzizi, upande wa Rwanda. Ulaya imeshuka hadi miligramu 10 tangu 2009, maana filta za kunasa masizi na katalizeri (kifaa cha kusafisha moshi) za magari mapya huharibika mapema salfa ikizidi.

Cheti kizuri, hata hivyo, hakiwezi kuyalinda mafuta baada ya kutoka depo, yaani bohari ya mafuta. Njiani, na kwa Kadhafi, wachuuzi wanaouza mafuta kwa chupa na bidoni (madumu) kando ya barabara, esansi inaweza kuchanganywa na petroli ya taa au mazutu. Kipimo chake ni chepesi na mimi hukifanya kila ninapobadilisha muuzaji. Nenda mbali na moto na sigara, chukua karatasi nyeupe safi, dondosha tone moja la esansi, kisha ungoje dakika chache. Esansi safi hukauka na karatasi hubaki kama ilivyokuwa. Iliyochanganywa huacha doa la mafuta ambalo ukiinua karatasi kwenye mwanga linang'aa kama karatasi iliyofungia mandazi. Ukiliona doa hilo, mwambie muuzaji kwa heshima: "Mama, esansi hii umeipata depo gani?" Mara nyingi naye ameuziwa hivyohivyo. Kipimo hiki hakisemi lolote kuhusu salfa, wala usifyonze mafuta kwa mdomo kupitia mpira, hata kama umezoea.

Sasa injini. Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani kwa takriban sehemu moja ya saba, kwa hiyo injini ya mazutu inayopanda mlima ikiwa na filta ya hewa iliyoziba haina budi kutoa moshi mweusi. Badilisha filta kwanza, kisha fundi akague injekta zinazonyunyizia mafuta ndani ya injini. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Fundi akikushauri aondoe katalizeri ili gari lipate nguvu, kataa: madini yaliyomo ndani yake yana bei, na gari lisilo nayo hutoa sumu zaidi hata likiwekewa mafuta bora.

Mwisho, pimeni. Chama kikichangia kifaa kidogo cha kupima chembe za hewani, kitundikwe kwa urefu wa pua ya mtu, mbali na majiko ya makala (mkaa), kwa sababu moshi wa makala nao utaingia katika hesabu na mtalaumu magari kwa kosa la jikoni. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2021 wastani wa mikrogramu 5 za chembe hizo kwa kila mita ya ujazo kwa mwaka, na 15 kwa siku. Someni saa zilezile kila siku, walau kwa mwezi mzima kabla ya kubadilisha mafuta na mwezi mzima baadaye, na kando ya kila namba muandike kama mvua ilinyesha, maana mvua huosha hewa na huweza kuwafanya mshangilie bure. Karatasi hizo, pamoja na nakala ya cheti cha mafuta, ndizo za kuweka mezani siku mtakapokwenda kwa mwenye stesheni kumwambia kwamba vyombo 30 vya chama vitanunua kwake iwapo kila mzigo utakuja na cheti.