Umeumia, we mwanafunzi na bima huna: fanya hivi

Umeanguka mpirani, au umeteleza bafuni ukaangukia mkono, na kabla hata maumivu hayajapanda vizuri kichwa kishaanza kupiga hesabu za bili. Naelewa kabisa, ila kuna majeraha hayangojei hesabu, kwa hiyo tuanze na hayo.

Damu haikati hata baada ya kuikandamiza na kitambaa safi dakika 10 mfululizo (mfululizo, usichungulie, kila ukifunua unaanza upya), umegonga kichwa ukazimia au unatapikatapika na kupata usingizi wa ajabu, mfupa umetokeza, kiungo kimepinda, vidole vimekuwa vya baridi, vimekufa ganzi au vimebadilika rangi, au shingo na mgongo vinauma halafu miguu haina nguvu. Hapo we nenda emajensi, basi. Na wa shingo na mgongo msimnyanyuenyanyue ovyo, iteni msaada. Nchi nyingi hospitali inatakiwa imhudumie mtu wa dharura kwanza na mambo ya hela yafuate, haimaanishi ni bure, bili itakuja, ila bili unaweza kuongea nayo na mguu uliokosa damu masaa kadhaa huongei nao.

Kama sio hivyo una muda kidogo wa kufikiri. Kifundo cha mguu kikiteguka kwa mfano, sio kila uvimbe unahitaji eksirei. Kuna kanuni madaktari wanazitumia, zilitoka Ottawa kule Kanada mwaka 1992: bonyeza ile mifupa miwili inayotokeza pande zote za kifundo, kwenye ncha yake na upande wa nyuma, halafu jaribu kutembea hatua 4, hata kwa kuchechemea. Mfupa unauma ukibonyezwa au hatua 4 zimekushinda, piga eksirei. La sivyo uwezekano wa kuvunjika ni mdogo sana, ingawa mguu ukiuma sehemu nyingine za mbele kule au siku zinapita haupungui, nenda tu ukaonwe.

Kidonda cha kukatwa, kioshe na maji safi mengi, na kama kimeachama kashonwe siku hiyohiyo maana kikilala sana hawashoni tena kirahisi. Uliza na sindano ya pepopunda, kidonda kichafu na miaka 5 imepita tangu uchomwe ya mwisho, unachomwa tena. Umeungua? Maji ya bomba ya kawaida yapite juu dakika 20, dawa ya meno iacheni jamani. Umeng'atwa na mbwa, osha na sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 halafu kachanjwe leoleo, hii hata kama huna senti usibane matumizi, kichaa cha mbwa dalili zikishaanza ndo mwisho wa habari.

Sasa hela. Wengi hapa wanajiuliza "nitatoa wapi" wakati swali la kwanza ni "nani anatakiwa kulipa", na jibu mara nyingi liko pale ulipoumia. Angalia mchanganuo wa ada yako, vyuo vingi kuna kipengele cha matibabu ambacho umeshalipa na hujawahi kukitumia, kwa hiyo kliniki ya chuo ndo mlango wa kwanza. Umeumia ukichezea timu ya chuo, ongea na kocha au ofisi ya michezo siku hiyohiyo, timu nyingine zina bima ya ajali ambayo wachezaji wenyewe hawaijui. Umeumia maabara au uko fildi, mwambie msimamizi na iandikwe kwenye kitabu cha ajali, kuna sehemu mwajiri anabeba. Umegongwa na gari, chukua namba ya gari na ripoti ya polisi kwa sababu bima ya gari ndo inaweza kulipa. Na kama mzazi ana bima kupitia kazini kwake muulize, huenda bado umo humo na hujui.

Kote huko umejibiwa hapana, basi nenda hospitali ya umma au ya kufundishia kabla hujakimbilia ile ya binafsi yenye viyoyozi. Pale mapokezi usione aibu, sema "mimi mwanafunzi, sina bima, nalipa mwenyewe, naomba kujua gharama kabla ya kila kipimo". Daktari akiandika vipimo vitatu muulize kwa heshima, dokta, hiki kikitoka hivi au vile matibabu yatabadilika? Kama hayabadiliki, vingine vinaweza kusubiri. Dawa omba aandike jina la dawa yenyewe sio jina la kampuni, unapewa ileile kwa bei ya chini.

Bili ikiwa kubwa usitoroke wala usikope kwenye zile programu za mikopo ya chapchap zenye riba ya kukuua. Omba bili iliyochanganuliwa kitu kwa kitu, uikague, makosa yapo mengi kuliko unavyodhani, halafu muulizie afisa ustawi wa jamii wa hospitali, kazi yake mojawapo ni kesi kama zako, za msamaha au kulipa kidogokidogo. Nenda na kitambulisho cha chuo na barua ya mlezi wa wanafunzi, na mkikubaliana iandikwe.

Ukishafungwa hogo sikiliza vidole. Vikivimba, vikifa ganzi au maumivu yakizidi badala ya kupungua, rudi hata kama ni usiku wa manane. Siku ya marudio usiiruke kwa kuokoa nauli, mfupa ukiunga vibaya kuuvunja upya ni ghali zaidi. Mtu wa mazoezi ya viungo ukimwona hata mara moja mwombe akufundishe zoezi la kufanya geto.

Picha za eksirei na risiti kaa nazo mwenyewe. Cheti cha daktari kiwe na tarehe na siku za kupumzika, kipeleke idarani kabla ya mtihani sio baada, na ubaki na kopi iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.