Ukienda Saint Lucia anzia kusini, usije ukamalizia likizo barabarani

Watu wakiangalia ramani ya Saint Lucia, kule Karibi, wanaona kakisiwa tu, urefu kama kilomita 43, wanasema aah hapa nachukua hoteli moja siku zote halafu kila asubuhi nazunguka. Ndo kosa lenyewe hilo. Kisiwa chote ni milima, barabara inapanda inashuka inakata kona mpaka unaanza kujutia chai uliyokunywa, na kutoka Rodney Bay kule kaskazini kwenye mahoteli mengi mpaka Soufrière kwenye ile milima miwili ya kwenye mapicha unamaliza lisaa limoja na nusu hivi, na bado hujarudi.

Kwa hiyo gawa safari vipande viwili. Ndege kubwa zinatua Hewanorra, ipo Vieux Fort, kusini kabisa. Ukishuka usikimbilie kaskazini, nenda Soufrière ulale siku tatu hivi, umalize mambo ya milima na tope, ndo upande juu ukajilaze bichi. Na kabla hata hujalipia chochote angalia tiketi inapitia wapi, maana ukiunganisha ndege Marekani wengi wetu tunatakiwa kuwa na viza yao hata kama hutoki nje ya eapoti.

Haya, Soufrière. Ile milima inaitwa Gros Piton na Petit Piton, yote inazidi mita 700 na imechomoka pembeni mwa bahari kama pembe za ng'ombe, UNESCO waliiingiza kwenye urithi wa dunia 2004. Wa kupanda ni Gros, ule mdogo ni mwinuko mkali waachie wenye moyo wao. Unaanzia kijiji cha Fond Gens Libre, maana yake bonde la watu huru, waliotoroka utumwa ndo walijificha huko, na pale unapewa mwongozaji na unamlipa, usijifanye mjuaji ukapanda kivyako. Uwe pale saa moja asubuhi kabla jua halijawa kali. Kupanda ni kama masaa mawili, nusu ya kwanza unapiga stori vizuri tu, nusu ya pili ni mawe makubwamakubwa kama ngazi za jitu na hapo kila mtu anakuwa bubu. Maji lita mbili, raba zenye meno, ndala acha hoteli. Kama magoti hayataki basi nenda Tet Paul, ni njia fupi tu na milima unaiona vizuri, mimi naona kwa picha hata ni pazuri zaidi kwa sababu ukiwa juu ya Piton ile Piton yenyewe huioni si unaelewa.

Mchana wake peleka miguu Sulphur Springs. Utaijua kwa pua kabla ya macho, harufu ya yai viza imetanda barabara nzima. Juu kuna madimbwi ya kijivu yanatokota na moshi juu yake, hayo unayaangalia kwa mbali tu nyuma ya uzio. Ya kuoga yako chini, maji ya moto ya wastani. Unaingia kwanza mwili ulainike, unatoka, unachota tope kwenye ndoo unajipaka mpaka masikio, unasimama juani likauke. Ukitabasamu likapasuka mashavuni basi tayari, rudi ukalioshe. Vua vitu vya fedha kabla!! Mimi niliisahau pete kidoleni ikatoka nyeusi tii kama nimeibanika. Na nguo ya kuogelea vaa ya rangi ya giza, nyeupe utaitupa.

Bichi za huku kusini: Anse Chastanet mchanga wake ni mweusimweusi sababu ya volkano, wengine wanaudharau, ila vaa miwani ya kuzamia ingia hatua chache tu, matumbawe na samaki wapo hapohapo. Sugar Beach ndo ile iliyokaa katikati ya Piton mbili, na mchanga wake mweupe uliletwa kutoka nje usidhani ni wa pale. Fukwe zote za kisiwa ni za umma, kwa hiyo mlinzi wa getini asikutishe, mwambie unaenda ufukweni, ila viti vya hoteli ni vya kulipia. Njia rahisi ya kufika ni boti ndogo kutoka Soufrière mjini, na hapo sasa kuwa makini na bei. Ukiambiwa "mia" uliza mia ya nini, dola ya pale ya Karibi ya Mashariki au ya Marekani, maana dola 1 ya Marekani ni 2.70 za kwao, haibadiliki hiyo. Kubali bei kabla hujaweka mguu kwenye boti.

Halafu kuna mti unaitwa manchineel, unaota karibu na fukwe, una vitunda vya kijani kama tufaha dogo. Usile, usiguse, mvua ikinyesha usijikinge chini yake, utomvu wake unababua ngozi. Mingine imepigwa rangi nyekundu kwenye shina.

Ukihamia kaskazini kazi imepungua. Reduit Beach kwa kulala na kuogelea, Pigeon Island kwa kupanda ngome ya Waingereza (jina ni kisiwa ila kimeshaunganishwa na nchi kavu), na siku ikiwa safi unakiona kisiwa jirani cha Martinique ng'ambo. Ijumaa usiku usilale, mji wa Gros Islet ni muziki barabarani, kijiji cha Anse La Raye ni samaki. Upande wa mashariki wa Atlantiki nenda kuangalia tu, mawimbi yake hayana utani.

Mengine kwa haraka: Disemba mpaka Mei ni kukavu, Juni mpaka Novemba ni msimu wa vimbunga na bei hushuka. Magari yanapita kushoto. Nguo za mabakamabaka ya jeshi usibebe hata kaptula ya mtoto, ni kosa kisheria.

Siku ya kurudi ndo unakutana tena na ile barabara ya kona mpaka eapoti, toka Rodney Bay mapema sana, na kama kona zinakuchafua tumbo omba kiti cha mbele.